Wakimbizi: Kidonda cha vita na dhiki ya kila siku

KATIKA kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, Wasomali wana neno lao la kumtaja mtu aliyetekwa na hamu ya kuhamia ng'ambo hadi maisha aliyo nayo yakamchukiza. Neno hilo ni buufis. Mwanaanthropolojia Cindy Horst, aliyefanya utafiti kambini humo na kuchapisha kitabu mnamo 2006, alieleza kuwa hamu hiyo huweza kumpa mtu tumaini la kustahimili, lakini ndoto inapokatika huweza pia kumnyima usingizi na hata kumvuruga akili.

Waacholi wa kaskazini mwa Uganda nao, walipokuwa kambini kwa sababu ya vita vya Joseph Kony, walikuwa na maneno yao: two tam, par na kumu. Yote yanataja namna mbalimbali za huzuni na mawazo yasiyoisha. Nasi Waswahili husema tu kwamba fulani "ana mawazo", na kila mtu huelewa kwamba mwenzetu hayuko sawa.

Maneno hayo yalikuwepo kabla ya mtaalamu yeyote kufika na daftari lake. Ndani yake mna jambo ambalo wanasaikolojia walichukua miaka mingi kulikubali: mkimbizi huumizwa na yale aliyoyakimbia, na pia huumizwa na yale anayoyaishi leo. Umaskini, kungoja kusikoisha na kunyimwa kazi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Suala hili linaihusu Kenya moja kwa moja. Nchi yetu imewapa hifadhi wakimbizi na watafuta hifadhi zaidi ya 700,000, wengi wao wakiwa Dadaab, iliyoanzishwa 1991, na Kakuma, iliyoanzishwa 1992. Wengine wamo Kalobeyei katika Kaunti ya Turkana na katika mitaa ya Nairobi kama vile Eastleigh.

Makala haya yanaeleza yale ambayo wanasaikolojia na wenzao wameyagundua kuhusu afya ya akili ya familia hizo, yale waliyoyajaribu, na mahali ambapo bado hawajaafikiana.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa makadirio mapya kuhusu watu wanaoishi katika maeneo yaliyokumbwa na vita. Kwa mujibu wa makadirio hayo, asilimia 22.1 ya watu hao, yaani zaidi ya mmoja kati ya kila watano, huwa na ugonjwa wa akili wa aina fulani wakati wowote ule. Wengi wana unyogovu, wasiwasi uliokithiri au maradhi ya kiwewe.

Maradhi ya kiwewe yaliingizwa rasmi katika orodha ya magonjwa ya akili ya Marekani mnamo 1980, hasa kutokana na masaibu ya wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam. Mgonjwa hurudiwa na tukio la kutisha katika ndoto au akiwa macho, hukwepa chochote kinachomkumbusha tukio hilo, na hushtuka kwa jambo dogo.

Kwa kuwa maradhi hayo yalipata jina kwa sababu ya wanajeshi, watafiti wa kwanza waliokwenda kambini waliuliza zaidi kuhusu risasi, mauaji na mateso. Ni wachache waliouliza kuhusu mgao wa chakula, karo, maji au ugomvi wa nyumbani.

Mnamo 2010 wanasaikolojia Kenneth Miller na Andrew Rasmussen waliandika makala yaliyobadilisha mjadala huo. Walisema kwamba sehemu kubwa ya madhara ya vita humfikia mtu kupitia dhiki za kila siku ambazo vita huleta: njaa, msongamano, kutengana na jamaa, kukosa usalama na kupoteza riziki. Mtu aliyeshuhudia mauaji miaka 10 iliyopita huenda leo akakeshwa zaidi na swali la watoto watakula nini kesho.

Kusimulia maisha yote

Hiyo haimaanishi kwamba kidonda cha vita si cha kweli au hakitibiki. Miongoni mwa kazi zinazojulikana sana ni ile ya wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakiwemo Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert. Walibuni tiba ya masimulizi.

Katika tiba hiyo, mgonjwa na mshauri hutandika kamba sakafuni kuwakilisha umri wake. Maua huwekwa mahali pa matukio mema na mawe mahali pa matukio mabaya. Kisha mgonjwa husimulia maisha yake tangu kuzaliwa, jiwe kwa jiwe, ua kwa ua. Mshauri huyaandika, humsomea katika kikao kinachofuata, na mwishowe humkabidhi nakala ya maisha yake.

Kwa maelezo ya wataalamu hao, kumbukumbu ya kutisha humsumbua mtu kwa sababu haina mahali wala wakati. Huja kana kwamba inatokea sasa. Masimulizi huirudisha mahali pake katika historia ya mtu.

Jaribio lililochapishwa 2004 liliwahusu wakimbizi 43 wa Sudan katika makazi ya Imvepi, Uganda. Mwaka mmoja baadaye, ni asilimia 29 tu ya waliopewa tiba ya masimulizi katika vikao vinne waliokuwa bado na maradhi ya kiwewe. Miongoni mwa waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79, na waliopewa maelezo tu kuhusu ugonjwa walikuwa asilimia 80.

Kundi hilo lilikuwa dogo. Ndiyo maana jaribio la pili, lililochapishwa 2008, lilikuwa na uzito zaidi. Liliwahusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia katika makazi ya Nakivale, Uganda, na washauri wenyewe walikuwa wakimbizi waliofunzwa kazi hiyo bila kuwa na shahada ya saikolojia.

Matokeo yalionyesha kuwa asilimia 70 ya waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na maradhi ya kiwewe. Waliopewa aina nyingine ya ushauri kuhusu kiwewe walikuwa asilimia 65, tofauti ndogo sana. Walioachwa bila tiba walikuwa asilimia 37. Funzo kuu hapa ni kwamba mkimbizi aliyefunzwa vyema na kusimamiwa anaweza kumtibu mkimbizi mwenzake.

Kazi ya kundi

Watafiti wengine walianza kwa kuwauliza wananchi wenyewe wanaiitaje shida yao. Ndivyo walivyofanya Paul Bolton, mwanasaikolojia Helen Verdeli na wenzao katika kambi za wakimbizi wa ndani karibu na Gulu. Walitumia yale maneno ya Kiacholi kuwatambua vijana waliohitaji msaada, badala ya kuwaletea majina kutoka kwingine.

Vijana 314 wa umri wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa kwa kura. Baadhi walikutana katika vikundi kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao; wengine walishiriki michezo na sanaa; na wengine walisubiri zamu. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba vikundi vya mazungumzo viliwapunguzia wasichana unyogovu. Kwa wavulana nafuu haikuwa ya kutegemewa, na michezo haikusaidia.

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Judith Bass na wenzake walifanya kazi na wanawake 405 walionusurika ubakaji. Wengi wao hawakujua kusoma, hivyo yale mazoezi ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi walifundishwa kuyakariri. Miezi sita baada ya matibabu, asilimia 9 ya waliokuwa katika tiba ya kikundi walikuwa bado na dalili za unyogovu au wasiwasi, ikilinganishwa na asilimia 42 ya waliopewa msaada wa mtu mmojammoja. Matokeo hayo yalichapishwa 2013.

Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, mpango uliopewa jina la Kiswahili, Nguvu, ulijaribiwa kwa wanawake wa Kongo waliokuwa wakipigwa na waume au wapenzi wao. Uliunganisha tiba ya mawazo na mashauri kuhusu usalama wa mwanamke nyumbani, kwa sababu haifai kumfundisha mtu kutuliza moyo na kisha kumrudisha kwenye kipigo.

Aidha, WHO ilibuni mafunzo yanayotolewa kwa sauti iliyorekodiwa pamoja na kitabu cha picha, ili watu wengi wafikiwe kwa mpigo. Yalijaribiwa katika makazi ya Rhino Camp, Uganda, kwa wanawake 694 wa Sudan Kusini, kwa vikao vitano. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kuwa miezi mitatu baadaye dhiki yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Nyumba nzima

Hata hivyo, mkimbizi hakimbii peke yake. Mama asiyelala usiku huwa mkali kwa watoto mchana. Baba aliyezoea kulisha nyumba yake, akikaa mwaka baada ya mwaka akipanga foleni ya mgao, hupoteza heshima machoni pake mwenyewe, na mara nyingine hasira hiyo huwaangukia mke na watoto.

Mtaalamu aliyelishughulikia sana jambo hili ni Theresa Betancourt wa Chuo cha Boston, Marekani. Tangu 2002 amewafuatilia watoto waliotumiwa vitani Sierra Leone hadi utu uzima wao. Aligundua kwamba hatima ya mtoto haikutegemea tu aliyoyatenda au kutendewa vitani. Ilitegemea pia jinsi familia na majirani walivyompokea aliporudi.

Kutokana na kazi hiyo, yeye na wenzake walitengeneza mpango wa kuimarisha familia unaotolewa nyumbani. Mmojawapo wa mikondo yake unawahusu Wabantu wa Somalia waliohamia Marekani.

Watu hawa wana uhusiano wa karibu nasi. Ni wazawa wa Wazigua, Wayao, Wamakua na makabila mengine yaliyochukuliwa utumwani kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na baadhi yao bado huzungumza Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka walikimbilia Dadaab; mnamo 2002 takriban 12,000 walihamishiwa Kakuma kabla ya kupelekwa Marekani.

Huko, watoto walijifunza Kiingereza haraka kuliko wazazi na kuwa wakalimani wao hospitalini na shuleni. Mamlaka ya nyumba yakageuka juu chini. Mpango wa Betancourt uliwatuma wakimbizi wenzao waliofunzwa kuzitembelea familia hizo, kuzisaidia kutunga simulizi moja ya safari yao na kuwafundisha wazazi namna ya kuzungumza na shule. Jaribio la familia 80 za Wabantu wa Somalia na wakimbizi wa Bhutan, lililochapishwa 2020, lilionyesha kwamba dalili za kiwewe kwa watoto zilipungua.

Nchini Rwanda mpango wa aina hiyo, unaoitwa Sugira Muryango, uliambatanishwa na ruzuku ya serikali kwa kaya maskini. Katika jaribio la familia 1,049, adhabu kali kwa watoto na ukatili dhidi ya wake vilipungua, na akina baba walishiriki zaidi katika malezi. Huku kwetu Eldoret, mwanasaikolojia Eve Puffer na wenzake walijaribu mpango wa Tuko Pamoja, ambapo wananchi wa kawaida walifunzwa kupatanisha familia zenye migogoro.

Mkono mtupu haulambwi

Hapa ndipo mjadala wa umaskini unapoingia. Je, maneno mema yatamsaidia mtu ambaye sufuria yake haijateleka?

Mwaka 2013 mwanasaikolojia Eldar Shafir, mwanauchumi Sendhil Mullainathan na wenzao walichapisha utafiti kuhusu wakulima 464 wa miwa nchini India. Mkulima yuleyule alifanya vibaya katika mitihani ya akili kabla ya mavuno, akiwa hana kitu, kuliko baada ya mavuno alipokuwa na fedha. Walieleza kwamba ukata huishughulisha akili kiasi cha kuacha nafasi ndogo ya mambo mengine. Hata hivyo, watafiti waliowalinganisha Wamarekani maskini kabla na baada ya siku ya malipo hawakuona tofauti hiyo, kwa mujibu wa matokeo ya 2016. Kwa hivyo suala hili halijafungwa.

Ushahidi wa nguvu zaidi ulitoka kwa Jane Costello na wenzake. Walikuwa wakiwafuatilia watoto wa North Carolina, Marekani, wakiwemo Wahindi Wekundu wa kabila la Cherokee, wakati kabila hilo lilipofungua kasino na kuanza kumgawia kila mwanachama faida. Familia zilizotoka katika umaskini ziliona utundu na ukorofi wa watoto ukipungua, kwa kiasi kikubwa kwa sababu wazazi walipata nafasi ya kuwaangalia. Lakini unyogovu na wasiwasi wa watoto haukubadilika. Fedha zilitibu baadhi ya mambo tu.

Nchini Kenya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichunguza familia za Rarieda, Kaunti ya Siaya, zilizopewa fedha bila masharti kupitia M-Pesa kati ya 2011 na 2013. Furaha na kuridhika na maisha viliongezeka, na dhiki ya moyo ikapungua. Watafiti walipima pia homoni ya msongo katika mate. Kwa jumla kiwango chake hakikubadilika, ijapokuwa tofauti zilionekana katika baadhi ya makundi.

Kisha mwaka 2020 Haushofer, Robert Mudida na Shapiro walitoa matokeo yaliyowashtua wengi. Waliwahusisha watu 5,756 wa mashambani nchini Kenya. Baadhi walipewa fedha, baadhi ushauri nasaha wa vikao vitano uliobuniwa na WHO, na baadhi vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya mali na ya moyo. Ushauri nasaha haukuonyesha athari yoyote iliyopimika, hata kwa waliokuwa na dhiki tangu mwanzo.

Inashangaza kwa sababu ushauri huohuo, ulipotolewa na wahudumu wa afya wa kujitolea kwa wanawake 421 jijini Nairobi waliopitia dhuluma, ulikuwa umewapunguzia dhiki kulingana na matokeo ya 2017. Lakini utafiti wa Nairobi ulipima baada ya miezi mitatu, na huu wa pili baada ya mwaka mzima. Zaidi ya hayo, wa kwanza uliwachagua wenye dhiki, na wa pili uliwachukua wanakijiji kwa jumla. Nchini Ghana, tiba ya vikundi ya wiki 12 kwa maskini wa mashambani ilionekana kusaidia, ingawa nako kipimo kilikuwa cha miezi michache.

Pengine jibu limo katika kuunganisha. Jijini Monrovia, Liberia, wanaume 999 waliojihusisha na uhalifu, baadhi yao wapiganaji wa zamani, waligawanywa kwa kura. Waliopewa tiba pekee walitulia kwa muda, kisha wengi wakarudia hali yao. Waliopewa tiba pamoja na dola 200 za Marekani walidumu, na hata baada ya miaka 10 uhalifu wao ulikuwa umepungua kwa takriban nusu.

Kazi na utu

Kuna jambo moja zaidi ambalo Wakenya wanafaa kulitafakari. Katika kambi za Warohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh, watafiti waliwahusisha watu 745. Baadhi walipewa fedha kila wiki. Wengine walipewa kazi yenye malipo yanayokaribia kiasi hichohicho. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba waliofanya kazi walipata nafuu kubwa ya moyo kuliko waliopewa fedha bure. Thuluthi mbili ya wafanyakazi hao walisema wangekubali kuendelea hata bila malipo.

Kwa miongo mitatu, wakimbizi wengi nchini Kenya wamelazimika kukaa kambini, na anayepata kazi kwenye mashirika ya humo hulipwa kiasi kidogo kinachoitwa motisha, hata akiwa mwalimu au mkunga. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilitoa nafasi pana zaidi ya kufanya kazi, na mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika unaokusudia kugeuza kambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji.

Mwaka huohuo wa 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza sana mgao kwa kukosa fedha, na maandamano yakatokea Kakuma. Kwa maana nyingine, mlango wa riziki ulianza kufunguliwa wakati sahani ilipokuwa ikiondolewa mezani. Kwa mujibu wa ushahidi tuliouona, upungufu huo utaonekana katika mizani ya chakula na pia katika usingizi wa mama, hasira ya baba na ukimya wa mtoto darasani.

Wala mwenyeji asisahauliwe. Turkana ni miongoni mwa kaunti maskini zaidi nchini, na Mturkana anayeishi jirani ya kambi ana dhiki zake ambazo vita havikuzileta. Huduma itakayomtibu mgeni na kumpita mwenyeji itapanda chuki, na chuki nayo ni dhiki mpya kwa wote wawili.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na kazi hizi zote, mambo machache yanaweza kusemwa kwa uhakika. Mosi, kiwewe kinatibika, na wananchi waliofunzwa na kusimamiwa vyema wanaweza kukitibu pale ambapo madaktari wa akili ni wachache. Pili, msaada unaoihusisha familia nzima huwalinda watoto. Tatu, fedha na kazi ni sehemu ya afya ya akili, wala si jambo la kungojea mtu apone kwanza. Nne, ushauri mfupi usiochagua wanaouhitaji usitarajiwe kuondoa umaskini wala madhara yake.

Kwa mwalimu, muuguzi au jirani anayeishi na familia hizi, dalili za kuangalia ni kukosa usingizi kwa wiki nyingi, kujitenga, kushtuka ovyo, kulia bila sababu, kushindwa kufanya kazi za kila siku au kutamka maneno ya kutaka kufa. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu, na anayezungumza kuhusu kufa asiachwe peke yake.

Na kabla ya kumuuliza kuhusu vita, ni vyema kumuuliza kwanza kama yeye na watoto wamekula leo, na usiku wa kuamkia leo walilala wapi.